Alitumwa Amalize: Mbio za Meksiko za 1968 katika Darasa la Watoto

Sisi walimu wa madarasa ya chini tunaifahamu sana hadithi ya John Stephen Akhwari. Tukitaka kuwafunza watoto uvumilivu, ndiyo itujiayo kwanza: Mtanzania aliyeanguka katika mbio ndefu, akafungwa bendeji gotini, akachechemea hadi mwisho, nyuma ya wenziwe wote. Hadithi ni ya kweli, na watoto huipenda. Lakini kadiri tunavyoirudia ndivyo tunavyozidi kuipunguza, na kile kipande tunachokibakiza, tusipoangalia, huwafunza watoto jambo ambalo hatukulikusudia. Hatuna budi basi kuirejea siku yenyewe kama ilivyokuwa.

Ilikuwa tarehe 20 Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Mexico City. Mji huo umejengwa juu ya nyanda zilizoinuka kiasi cha meta 2,240 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Mkimbiaji asiyeizoea huvuta pumzi asitosheke. Mwendo wa marathoni ni kilometa 42 na meta 195. Mtoto wa Uganda tumwambie kwamba ni kama kutoka Kampala hadi Entebbe kwa miguu, tena kwa kukimbia, na kuzidi kidogo. Walioanza walikuwa zaidi ya 70. Waliofika mwisho walikuwa 57 tu.

Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alianza kubanwa na misuli njiani. Kisha, wakimbiaji walipokuwa wakigombania nafasi, akaanguka; goti likateguka na kuchubuka vibaya, bega likagonga barabara. Akatibiwa, akafungwa, akaendelea. Mbele yake Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, jua limekwisha kuchwa na watazamaji walio wengi wamekwenda zao. Muda wake ulikuwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, naye akawa wa 57. Wachache waliosalia walimpigia makofi kana kwamba ndiye mshindi.

Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mwendo wa maili elfu tano ili akaanze mbio, ilimtuma akazimalize. Jibu hilo limeenea duniani kwa Kiingereza, na huko hutajwa kama tamko la ushujaa. Sisi walimu wa Kiswahili tuna bahati yetu hapa. Neno lililo kiini cha jibu hilo ni kutuma, na hakuna mtoto wa kwetu asiyelijua neno hilo, maana hutumwa tangu alfajiri. Mtoto aliyetumwa chumvi dukani anajua kwamba akijikwaa njiani, kutumwa kwake hakukuisha pale alipojikwaa. Hakutumwa ili atoke nyumbani. Alitumwa ili chumvi ifike jikoni, kwa kuwa wapo wanaoingoja. Kwa hiyo uvumilivu wa Akhwari si wa mtu ajitafutiaye sifa kwa maumivu yake. Ni uvumilivu wa mjumbe. Tukianzia hapo, mtoto wa miaka saba huelewa pasi na maelezo marefu.

Sasa twaja kwenye kipande tunachokiacha. Wengi wetu husimulia kana kwamba Akhwari alikuwa mkimbiaji dhaifu, mtu wa mkiani tangu mwanzo, ambaye mali yake yote ilikuwa moyo. La, hasha! Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Muda huo ni mfupi kwa sekunde 11 kuliko ule wa Abebe Bikila alioweka nao rekodi ya dunia mjini Roma mwaka 1960, alipokimbia bila viatu. Njia mbili hazilingani kamwe, wala hatusemi kwamba Akhwari alimpita Bikila. Tunachosema ni kwamba yule aliyeanguka Meksiko alikuwa mtu aliyejiandaa kushinda. Mtoto asiyeambiwa haya hudhani kuwa kushindwa kwa uchungu ni namna ya kushinda, na kwamba mazoezi si ya lazima mtu akiwa na moyo. Tumepata kuona, katika mashindano ya shule, mtoto akijiangusha kwa makusudi ili apigiwe makofi akichechemea. Walimu tulicheka, baadaye tukajiuliza ni nani aliyemfunza.

Kuna na jingine. Katika mbio zile zile za Meksiko alikuwamo Bikila mwenyewe, mshindi wa Roma na wa Tokyo mwaka 1964. Alikuwa ameumia mguu kabla ya mashindano, na baada ya kilometa 17 hivi akatoka njiani. Jambo hili hatuwasimulii watoto, yamkini kwa kuogopa kwamba litaliharibu somo. Sisi twaona kinyume. Bikila hakuwa mwoga: huko Tokyo alishinda wiki zipatazo sita tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Alikuwa mtu aujuaye mwili wake. Tena kazi aliyotumwa haikulala njiani, maana Mamo Wolde, mwenzake wa timu moja, mtu wa miaka 36, ndiye aliyeifikisha. Hata nyumbani ni vivyo hivyo: mtoto aliyetumwa akishikwa na homa, nduguye huichukua senti akaenda yeye. Mwalimu amwambiaye mtoto mgonjwa akimbie kwa kuwa Akhwari alikimbia, amemtwisha mtoto huyo mzigo ambao Akhwari, mtu mzima wa miaka thelathini, alijitwika mwenyewe kwa hiari yake. Kwa maoni yetu watu hawa wawili wasimuliwe pamoja, katika kipindi kimoja, na watoto waachwe wabishane.

Edinburgh ya 1970 ina faida nyingine kwetu tulio Uganda. Katika michezo hiyo hiyo John Akii-Bua alikuwa wa nne katika mbio za meta 400 za kuruka viunzi. Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Septemba 1972 mjini Munich, akikimbia katika njia ya kwanza, ile ya ndani yenye kona kali kuliko zote, alizimaliza kwa sekunde 47.82, alikuwa binadamu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 48, na Mganda wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki. Munich twaisimulia kila mwaka. Edinburgh hatuitaji, ilhali madarasa yetu yamejaa watoto wa nne na wa tano.

Kwa watoto wakubwa kidogo kuna sura ya mwisho, nayo ni ngumu. Mwaka 1976 Akii-Bua alipaswa kwenda kuitetea medali yake huko Montreal, na Filbert Bayi wa Tanzania, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya meta 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, alikuwa akingojwa kupambana tena na John Walker wa New Zealand. Hawakukimbia. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na nchi nyingi za Afrika, Uganda na Tanzania zikiwamo, zilikataa kushiriki. Walker akachukua dhahabu. Edwin Moses wa Marekani akashinda mbio za viunzi na kuivunja rekodi ya Akii-Bua.

Hapa lile neno letu la kutuma linageuka upande wa pili, maana aliyekutuma aweza pia kukuita urudi. Watoto wa darasa la saba huuliza kama ilikuwa haki kwa wale wakimbiaji wawili. Chumba cha walimu nacho, kila swali hilo linapoletwa wakati wa chai, hugawanyika.