Kima, Papa na Kobe wa Bamburi: Wanyama Marafiki katika Ngano na Katuni za Kiswahili

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameandika mengi kuhusu tenzi, riwaya na tamthilia. Katuni haikupata bahati hiyo. Aghalabu huachiwa watoto, nao wanyama wanaozungumza huachiwa walimu wa madarasa ya chini. Makala haya yanakusudia kuzitazama tanzu hizi mbili, ngano na katuni, kwa pamoja, kwa sababu historia zake zimeshikana. Swali linalotuongoza ni hili: masimulizi yetu huwapa wanyama urafiki wa namna gani, na urafiki huo hupatwa na nini unapotoka kinywani mwa msimulizi na kuingia katika picha? Tutaanza Unguja katika karne ya kumi na tisa, tupitie magazeti ya Nairobi na Dar es Salaam, kisha tuishie Bamburi, Kisauni, ambako kisa cha kweli cha wanyama wawili kilifanywa kitabu kikavuka bahari.

Urafiki unaopimwa

Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London hadithi alizozikusanya Unguja. Miongoni mwazo kimo Kisa cha Punda wa Dobi, na ndani yake habari ya kima na papa. Kima hukaa juu ya mti ulioinamia bahari, akila matunda na kumtupia papa sehemu yake. Urafiki wao unakua hata papa anamwalika kwao. Wakiwa safarini papa anatoboa siri kwamba sultani wa kwao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hataharuki. Anajibu kwamba kima hawatembei na mioyo yao, bali huiacha mitini. Papa anamrudisha auchukue, kima anaparamia mti wake, na urafiki umekwisha.

Kisa hiki kina ukoo mrefu. Katika Panchatantra ya Wahindi anayemdanganya kima ni mamba. Katika Kalila wa Dimna, iliyoandikwa kwa Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya nane, mahali pa mamba pamekaliwa na kobe. Msimulizi wa Kiswahili anatupa papa. Badiliko hili si dogo. Hadhira ya pwani humjua papa baharini kama adui, na humjua pia sokoni kama kitoweo. Mtu aliyekula papa mchana, usiku anamsikia papa akiutamani moyo wa mwenzake, naye hana budi kucheka. Hapa msimulizi amekifanya kisa cha kigeni kiwe chake bila ya kubadili mshipa wake hata mmoja.

Kutokana na kisa hiki twaweza kuona kanuni tatu za urafiki wa wanyama katika ngano zetu. Urafiki huanza na chakula. Hupimwa na njaa au hatari. Na ukivunjika, huvunjika kwa kicheko, si kwa machozi. Waswahili husema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ngano huligeuza neno hilo upande wa pili na kutuonyesha rafiki aliyeshindwa mtihani.

Mwaka 1901 George W. Bateman alichapisha Chicago kitabu cha Kiingereza cha hadithi za Unguja, kikiwa na michoro ya Walter Bobbett. Kima na papa wamo, na sungura na simba wamo. Hata hivyo, mchoro mmoja huganda katika tukio moja, na kazi ya kusimulia hubaki kwa maneno. Ilibidi ije katuni, yenye picha zinazofuatana, ndipo picha zenyewe zisimulie.

Majina ya sungura bara ya Mombasa

Tusidhani kwamba ngano hizi zilikaa visiwani tu. Mwaka 1875 wamishenari wa CMS walianzisha Frere Town, Kisauni, makao ya watu waliookolewa utumwani. Wengi wao walitoka kusini, katika nchi za Wayao na Wanyasa. James Mbotela alisimulia habari zao katika Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934. Katika lugha ya Wanyanja sungura huitwa kalulu. Majirani zao Wagiryama humwita katsungula, na lugha yao ilikwisha kupata kitabu mwaka 1891, pale W. E. Taylor alipochapisha msamiati na mkusanyiko wa Kigiryama. Kisha reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilileta Changamwe watu wa makabila ya bara, na kila kabila na mjanja wake. Kwa hiyo mtoto aliyekulia Kisauni, Likoni au Changamwe hakurithi sungura mmoja. Amerithi kikao kizima cha wajanja, nao wanasimuliwa kwa Kiswahili.

Sungura avaa nguo za watu

Katuni ya Kiswahili ilipopata nafasi magazetini, jambo la ajabu lilitokea: wanyama walikaa nyuma na watu wakaja mbele. Katika Taifa Leo, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa miongo mingi. Tulitafakari jina hilo. Juha ni mpumbavu anayejulikana tangu hekaya za Waarabu. Kalulu, kama tulivyoona, ni sungura mjanja. Hata ikiwa mchoraji hakukusudia hivyo, jina moja limebeba mjinga na mwerevu, na mwenye jina ni mwanadamu. Tanzania nayo ilikuwa na Chakubanga katika gazeti la Uhuru. Katika miaka ya 1980 mfululizo wa Pichadithi wa Nairobi ulimleta shujaa Lwanda Magere. Mwaka 1996 Gado alimchora Abunuwasi katika kitabu kilichotolewa na Sasa Sema. Wote hawa ni watu.

Hata hivyo, Abunuwasi anayemshinda sultani kwa maneno hafanyi ila yale aliyofanya kima mbele ya papa. Sungura hakufukuzwa katika katuni; amevikwa kanzu. Mnyama aliyebaki na umbo lake ni Kipanya wa Masoud, panya mdogo wa magazeti ya Tanzania, lakini yeye huwatazama na kuwasema wakubwa wa binadamu. Hana kundi la wanyama wenzake wa kucheza na kugombana nao.

Hii ni hasara, kwa sababu katuni fupi ya kuchekesha na ngano za wanyama zina maumbile mamoja. Sungura akinaswa leo kwa sanamu ya ulimbo, kesho anasimuliwa akiwa mzima. Fisi hajifunzi kwa kipigo cha jana. Ndivyo ilivyo pia kwa paka, panya na mbwa katika Krazy Kat ya George Herriman, iliyochapishwa Marekani tangu 1913 hadi 1944: tofali hurushwa, paka hulipokea kama salamu ya mahaba, na siku ya pili mambo huanza upya. Katika tanzu hizi mbili wahusika hawazeeki, na kicheko hutokana na hilo. Twajua watakalofanya, tunangoja kuona watalifanya vipi.

Kobe na kiboko

Sasa tufike Bamburi. Kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1954 kiliacha mashimo makavu ya matumbawe. Kuanzia mwaka 1971 René Haller alijaribu kupanda humo aina 26 za miti, na ni tatu tu zilizostahimili, ukiwemo mvinje. Majani ya mvinje hayakuoza upesi, hivyo wakaletwa jongoo wayale na kuyageuza udongo. Bustani iliyotokea ndiyo Haller Park. Msimulizi wa zamani angeitosheka hata habari hii peke yake: jongoo aliyedharauliwa ndiye aliyeujenga msitu.

Mwishoni mwa Desemba 2004, wakati wa tsunami, mwana wa kiboko aliyekuwa amepotezana na wenziwe karibu na mlango wa Mto Sabaki aliokolewa baharini Malindi kwa nyavu za wavuvi, akaletwa Haller Park. Aliitwa Owen. Huko alimkimbilia kobe mkubwa wa jamii ya Aldabra aitwaye Mzee, anayekadiriwa kuwa na miaka 130 hivi. Mwanzoni Mzee alimkwepa. Kisha wakazoeana, wakala pamoja na kulala pamoja. Isabella Hatkoff, baba yake Craig Hatkoff na Paula Kahumbu waliandika kisa hicho kwa Kiingereza, pamoja na picha za Peter Greste, na kitabu kikatolewa New York mwaka 2006.

Kitabu hicho ni kizuri, na picha zake hufuatana kama za katuni. Lakini kimetungwa kwa nia ya kufariji baada ya msiba, na faraja imekimeza kicheko. Hebu tulitazame jina Mzee, neno pekee la Kiswahili katika anwani yake. Kwetu neno hili si jina tu. Ni cheo, nalo humpangia kila anayekuja mbele yake mahali pake. Kiboko wa mwaka mmoja mbele ya mzee wa miaka 130 si rafiki wa rika. Ni mjukuu. Na uhusiano wa babu na mjukuu katika jamii zetu nyingi ni uhusiano wa utani: mjukuu humsumbua babu, babu hulalamika, wala hakuna anayekasirika. Kobe anayejaribu kumkimbia kiboko, kwa mwendo ule wa kobe, ni kichekesho ambacho msimulizi wa Kisauni angekaa nacho usiku kucha.

Kipo pia kile ambacho ngano isingeweza kukibeba. Owen alikua. Mwaka 2007 alitengwa na Mzee, akawekwa pamoja na kiboko jike aitwaye Cleo. Papa na kima waliachana kwa hila; hawa waliachana kwa sababu ya uzito wa mwili. Hakuna mwongo wala mdanganywa, na kwa hiyo kanuni ya ngano haina pa kuingilia.

Hitimisho

Tumeona kwamba ngano za pwani ziliujaribu urafiki wa wanyama kwa njaa na kuuhukumu kwa kicheko; kwamba katuni ya Kiswahili ilichukua kicheko hicho ikakipa watu; na kwamba kisa cha wanyama marafiki kilichovuma kuliko vyote kutoka bara ya Mombasa kilitungwa kwa lugha nyingine, kwa kusudi lingine. Si kosa la waandishi wake, walisimulia walichokiona. Swali linaturudia sisi. Mtoto wa Kisauni akimsoma kobe wa jirani yake kwa Kiingereza tu, atajifunza kwamba wanyama ni wa kuhurumiwa. Hatajifunza kwamba Mzee ni wa kutaniwa. Wachoraji tunao, wasimulizi tunao, na kikao cha wajanja hakijavunjika. Kazi ya mhakiki ni kuwapa heshima inayowastahili, ili atakayekamata kalamu ajue kwamba anaingia katika fasihi, wala hafanyi mchezo wa watoto.