Sindano na Marinda: Historia ya Ushonaji wa Kilti ya Uskoti

Kilti, vazi la sufu lenye marinda ambalo wanaume wa Uskoti hulivaa kuanzia kiunoni hadi katikati ya goti, huelezwa mara nyingi kuwa ni urithi wa koo za kale za Nyanda za Juu, yaani eneo la milima na visiwa la kaskazini na magharibi mwa nchi hiyo. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini yanawasahau watu waliolipa vazi hilo umbo linalofahamika leo, ambao ni mafundi wa sindano wa karne ya 18 na ya 19. Anayetaka kuijua kilti hana budi kuigeuza na kuitazama upande wa nyuma, palipo na marinda, kwa kuwa historia yake imeandikwa katika mishono zaidi ya ilivyoandikwa katika majina ya koo.

Vazi lililoitangulia halikukatwa wala kushonwa kwa kipimo cha mwili wa mtu. Lilikuwa shuka kubwa la sufu, na kwa kuwa mitambo ya kufumia ya zama hizo ilitoa kitambaa chembamba, vipande viwili viliunganishwa kwa mshono mmoja wa urefu ili kupata shuka la upana wa karibu mita moja na nusu na urefu wa mita 4 hadi 6. Maandishi ya Kigaeli ya Ayalandi yanayosimulia matukio ya mwaka 1594 yanawataja askari wa kukodiwa kutoka visiwa vya magharibi mwa Uskoti waliovaa mashuka ya rangi nyingi na kufunga mikanda juu yake, na huo ni miongoni mwa ushahidi wa mapema wa uvaaji huo. Mvaaji aliyakunja marinda kwa mkono, akajifunga mkanda, sehemu ya chini ikaning'inia hadi magotini na ya juu akaitupia begani kama lubega. Mvua ikinyesha alijifunika nayo kichwa, na usiku shuka hilo hilo likawa blanketi. Marinda hayo yalidumu kwa siku moja tu, kwani mkanda ulipofunguliwa yalitoweka.

Kitambaa chenyewe, tartani, hupatikana kwa kupanga nyuzi za rangi kwa hesabu ile ile katika mtande, yaani nyuzi zilizotandazwa kwa urefu, na katika mshindio, yaani nyuzi zinazopitishwa kati yake. Kila uzi wa mshindio hupita juu ya nyuzi mbili za mtande na chini ya mbili, na kila mstari unaofuata husogea kwa uzi mmoja, ndipo mishazari midogo huonekana pale rangi mbili zinapokutana. Fungu la rangi linalojirudia huitwa seti, na kipimo chake, kama itakavyoonekana, ndicho kinachotawala kazi yote ya mshonaji. Rangi zilitokana na mimea ya mabondeni na ukoga unaoota juu ya mawe, lakini nili na wadudu wanaotoa rangi nyekundu iliyokolea viliagizwa kutoka ng'ambo, jambo linaloonyesha kwamba hata watu wa milimani hawakuwa mbali na biashara ya dunia. Kitambaa kilipotoka mtamboni wanawake walikiloweka katika mkojo uliochacha, kisha wakaketi kuizunguka meza ya mbao na kukiponda kwa pamoja huku wakiimba, hadi nyuzi zikashikana na upepo ukashindwa kupenya.

Hatua ya kuliacha nusu ya juu ya shuka na kubaki na nusu ya chini imezua ubishi mrefu. Barua iliyoandikwa mwaka 1768 na kuchapishwa Edinburgh mwaka 1785 inadai kwamba kilti ndogo ilibuniwa na Thomas Rawlinson, Mwingereza mwenye tanuri la kuyeyushia chuma huko Glengarry katika miaka ya 1720, aliyeona shuka kubwa likiwatatiza vibarua wake. Mwanahistoria Hugh Trevor-Roper alilipa dai hilo uzito mkubwa mwaka 1983, na Waskoti wengi wakakasirika. Hata hivyo, mtu kuacha kuvaa nusu ya nguo inayomsumbua kazini hakuhitaji mbunifu, na huenda wengi walifanya hivyo mahali pengi bila kuandikwa popote. Lililo hakika ni kwamba kufikia mwaka 1746 kilti ndogo ilikuwa imeenea kiasi cha kutajwa kwa jina katika sheria iliyokusudiwa kuiangamiza.

Sheria hiyo ilipitishwa na Bunge la Uingereza baada ya majeshi ya ukoo wa kifalme wa Stuart kushindwa katika mapigano ya Culloden tarehe 16 Aprili 1746. Kuanzia Agosti 1747 mwanamume au mvulana aliyekutwa nchini Uskoti amevaa shuka au kilti alifungwa miezi 6, na akirudia alipelekwa uhamishoni ng'ambo kwa miaka 7. Askari hawakuguswa, na msamaha huo ulikuwa na matokeo makubwa: kwa miaka 35, hadi marufuku ilipofutwa mwaka 1782, vikosi vya jeshi la Uingereza vilivyoandikishwa Nyanda za Juu, kama Black Watch, ndivyo vilivyoendelea kuivaa kilti kihalali. Nguo ya wachungaji ikawa sare, na sare hutaka vipimo vinavyofanana. Ni katika miaka ya mwisho ya karne hiyo ndipo mishono ya kudumu inapoonekana, marinda yakiwa yameshikizwa kwa uzi badala ya mkanda. Kilti hizo za mwanzo zilitumia kitambaa cha takriban mita 3.7, na marinda yake yalikuwa mapana na machache, yamekunjwa pande mbili kama sanduku.

Kuhusu majina ya koo yanayopewa tartani inatosha kusema kwa ufupi. Kampuni ya ufumaji ya Wilson huko Bannockburn iliyatambulisha mengi ya mapambo yake kwa namba kabla ya kuyapa majina ya koo na miji kadiri wateja walivyoyataka. Ziara ya Mfalme George wa Nne mjini Edinburgh mwaka 1822, iliyopangwa na mwandishi Walter Scott, ilizidisha mahitaji hayo, na mwaka 1842 ndugu wawili waliojiita Sobieski Stuart wakachapisha kitabu cha tartani za koo walichodai kimetokana na hati ya kale, hati ambayo imethibitika kuwa ya kughushi. Baadhi ya mapambo hayo yanavaliwa hadi leo kwa heshima, na heshima hiyo ni ya kweli hata kama asili yake ina walakini.

Wakati majina yakigawanywa, ufundi wenyewe ulikuwa ukikua kimyakimya. Katikati ya karne ya 19 jeshi lilianza kutumia marinda membamba yanayolala upande mmoja, na kitambaa kikaongezeka hadi kufikia yadi 8, yaani zaidi ya mita 7, ambacho ndicho kipimo kinachohesabiwa kuwa kamili hadi sasa. Mshonaji huchagua njia moja kati ya mbili. Ya kwanza, inayopendwa jeshini, hulaza kila rinda ili mstari ule ule uonekane kwenye marinda yote, hivyo upande wa nyuma huwa na sura tofauti na wa mbele, na askari akitembea rangi iliyofichwa hujitokeza na kupotea. Ya pili huyapanga marinda ili seti nzima ionekane tena upande wa nyuma kana kwamba kitambaa hakikukunjwa kabisa, na hapo ndipo ustadi wa fundi hupimwa.

Mfano wa hesabu utaonyesha ugumu wake. Ikiwa sehemu ya nyuma ya mteja ina sentimita 54 kwenye nyonga na 43 kiunoni, na marinda ni 27, basi kila rinda litaonyesha sentimita 2 chini na takriban sentimita 1.6 juu. Tofauti ya milimita 4 lazima imezwe polepole na kila mshono kutoka nyonga hadi kiuno, mistari ya mlalo ikutane bila kupishana, na mistari ya wima isipinde. Seti ikiwa na sentimita 20, marinda hayo yatakula zaidi ya mita 5 za kitambaa, na kinachosalia hufanya vipande viwili bapa vya mbele vinavyopandana. Mishono hupigwa kwa mkono, midogo na ya karibu; ndani hupitishwa safu za uzi zinazobeba uzito wa marinda, mafundi wengi hupunguza kitambaa kilichorundikana sehemu ya juu, kisha hutia kitambaa kigumu na bitana. Marinda hupigwa bandi na kugandamizwa kwa pasi na kitambaa chenye maji. Upindo wa chini haupo, kwa kuwa ukingo uliofumwa mtamboni ndio unaogusa goti. Ukipindwa, marinda hayatayumba ipasavyo. Kosa la kipimo cha urefu, basi, halirekebishiki kwa urahisi.

Kazi hii, inayochukua saa 20 au zaidi kwa kilti moja, kwa sehemu kubwa imefanywa na wanawake, ambao majina yao hayamo katika vitabu vya koo wala katika orodha za vikosi, nao wanastahili nafasi ya mbele zaidi kuliko waliyopewa. Leo Uskoti ina rejista rasmi ya tartani iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, inayohifadhi kwa uangalifu hesabu ya nyuzi za kila pambo, lakini ushonaji wa kilti kwa mkono umeingizwa na shirika la Heritage Crafts katika orodha ya kazi za mikono zilizo hatarini Uingereza. Kilti za bei nafuu zilizoshonwa kwa mashine zimejaa madukani, na fundi anayelipwa kwa kilti moja moja hupata ujira mdogo ukilinganishwa na saa anazotumia. Kilti aliyoishona, hata hivyo, huvaliwa kwa miongo kadhaa: mwili ukinenepa bizimu husogezwa, na mvaaji akifariki mishono hufumuliwa, kitambaa kikapigwa pasi, na marinda yakapangwa upya kwa kipimo cha mwanawe.