Runyambo na Ndugu Zake wa Ng'ambo ya Kagera

Murongo iko wilayani Kyerwa, Tanzania, Kikagati iko Uganda, na katikati yake unapita mto Kagera. Mnyambo na Mnyankore wakikutana sokoni hawahitaji mkalimani. Henry Muzale, katika tasnifu yake ya mwaka 1998, anaziweka lugha zao, Runyambo na Runyankore, katika kundi moja la Rutara, pamoja na Ruhaya, Ruzinza, Kikerewe na nyingine za Uganda. Ila mtoto wa Kikagati ana haki ambayo mwenzake wa Murongo hana. Tangu mtaala wa mwaka 2007, shule za msingi za Uganda zinatakiwa kufundisha madarasa matatu ya mwanzo kwa lugha ya eneo. Kweli, shule nyingi za mijini hukimbilia Kiingereza. Hata hivyo mzazi anayetaka mwanawe aanze kusoma kwa Runyankore anaweza kumwendea mwalimu mkuu na kudai.

Upande wetu, Runyambo imepata msomi. Josephat Rugemalira aliandika tasnifu juu ya vitenzi vyake huko Berkeley, Marekani, mwaka 1993. Mwaka 2002 akatoa msamiati wa Runyambo, Kiswahili na Kiingereza, na mwaka 2005 sarufi, chini ya Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi ya namna hiyo, ya kupima toni na kuamua kila neno liandikwe vipi, naiheshimu kuliko hotuba nyingi za kusifu utamaduni.

Runyankore nayo ilipata sarufi ya Morris na Kirwan mwaka 1957 na kamusi ya Taylor mwaka 1959. Vitabu hivyo vilikuta lugha ikitumika shuleni na kanisani; baadaye likaja gazeti la Orumuri, na Chuo Kikuu cha Makerere kikaanza kufundisha Runyakitara, jina la pamoja la Runyankore na ndugu zake wa Uganda. Vitabu vya Rugemalira vilikuta nini? Vilikuta Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997, inayohimiza kamusi na sarufi za lugha za asili ziandikwe. Lakini katika shule za msingi za serikali Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia tangu 1967, na redio zinatakiwa kutangaza kwa Kiswahili au Kiingereza. Tunamhimiza msomi aihifadhi lugha, kisha tunaifungia milango yote ambayo ingepitia kuwafikia watu.

Kikerewe, ndugu wa Runyambo, kilishayaonja haya. Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata mchapishaji. Ikabidi aitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwandishi akiwa mwishoni kabisa mwa uhai wake. Kiswahili kilipata hazina, nami nafurahi kwa hilo. Wakerewe walistahili kuisoma kwanza.

Kenya ilipita njia ya moto. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o, profesa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alishirikiana na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ kuigiza tamthilia kwa Gĩkũyũ. Ilipigwa marufuku baada ya wiki chache, na mwaka ulipokuwa unaisha yeye akatiwa kizuizini. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 7, sasa inaitaka serikali iendeleze lugha za asili. Katiba yetu ya 1977 haisemi neno juu ya lugha hizo.

Najua jibu linalotolewa: lugha za makabila zitaleta ukabila, tazameni Kenya. Hofu hiyo haikutoka hewani. Baada ya machafuko ya 2007 na 2008, mtangazaji wa Kass FM, redio ya Kikalenjin, alifikishwa The Hague. Kesi yake ilifutwa mwaka 2016. Tena Karagwe, wilaya jirani ya Kyerwa, si ya Wanyambo peke yao. Wapo Wahaya, Wasubi, Wahangaza, na Kiswahili kinawakutanisha bila mmoja kumtawala mwenzake. Mtu asiyethamini hilo hajui lilivyo adimu.

Lakini Karagwe ina ushahidi wake, tena wa karibu. Mwaka 1994 ilipokea maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda, nchi ambayo karibu watu wake wote wanazungumza Kinyarwanda. Redio ya huko, RTLM, ilichochea mauaji ya kimbari kwa lugha hiyo moja ya wote. Lugha moja haikumwokoa mtu. Kilichoua ni maneno yaliyosemwa na wakubwa walioyaruhusu, na dawa ya uchochezi ni sheria dhidi ya uchochezi, kwa lugha yoyote ile.

Kwa hiyo ombi ni dogo. Kiswahili kibaki shuleni, mahakamani na bungeni. Redio za Karagwe na Kyerwa ziruhusiwe saa chache kwa siku za Runyambo, kwa habari za afya, migomba na kahawa. Mwalimu wa darasa la kwanza huko Nkwenda au Kaisho aruhusiwe waziwazi kumfafanulia mtoto kwa lugha aliyotoka nayo nyumbani. Msamiati wa mwaka 2002 una Kiswahili ndani yake, kwa hiyo hata mwalimu aliyehamishiwa huko kutoka Lindi anaweza kuanza nao.