Kuponi, Vocha na Mposho

Kuponi ni kipande cha karatasi, au siku hizi namba iliyomo katika simu, kinachompa mwenye nacho haki ya kupata bidhaa iliyotajwa kwa bei iliyopunguzwa, katika duka lililotajwa na kabla ya tarehe iliyotajwa. Asili ya neno ni kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kukata, kwa kuwa kuponi za mwanzo zilikuwa vipande vya hati kubwa zaidi: aliyeikopesha serikali fedha alikata kipande kimoja kila riba yake ilipofikia wakati wa kulipwa, akakiwasilisha benki. Ndiyo sababu wataalamu wa fedha wa Dar es Salaam na Nairobi huzungumza hadi leo juu ya kuponi ya hati fungani, ilhali mtu wa sokoni akilisikia neno hilohilo hufikiria sabuni au mafuta ya kupikia yaliyoshushwa bei. Pwani ya Afrika ya Mashariki ililipokea neno kupitia Kiingereza, na Katanga, kusini mwa Kongo, ikalichukua moja kwa moja kutoka kwa Wabelgiji.

Ingetafutwa tafsiri ya Kiswahili safi, neno kipande lingetosha kabisa, kwani nalo hutaja kitu kilichokatwa kutoka katika kingine. Historia ililiharibu. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba cheti cha kazi na alama za vidole, naye akakivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Cheti hicho kiliitwa kipande, na neno lililokwisha kubeba uzito wa namna hiyo halifai kumtangazia mtu punguzo la bei ya maharagwe.

Neno vocha lina safari nyingine. Nchini Tanzania wengi walilizoea kwanza kwa kadi ya muda wa maongezi ya simu, kisha kuanzia msimu wa kilimo wa 2008/2009 serikali ikagawa vocha za pembejeo, ambazo mkulima alizitumia kupata mbolea na mbegu za mahindi au mpunga kwa nusu ya bei. Kwa uangalifu wa istilahi, hati hizo zilikuwa karibu zaidi na kuponi kuliko vocha, maana mkulima bado alitakiwa kutoa fedha zake ili kukamilisha bei, na wapo walioshindwa kuzitumia kwa sababu hiyohiyo. Tofauti inayofaa kushikwa ni hii: kuponi hupunguza malipo, vocha hulipa. Mwenye kuponi asiye na fedha hurudi nyumbani mikono mitupu; mwenye vocha asiye na fedha hurudi na mfuko umejaa.

Likasi, mji wa madini wa Katanga ulio kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, haukuzoea kuponi wala vocha za chakula, lakini una neno la zamani lililo jirani na maneno hayo, nalo ni mposho, yaani posho katika matamshi ya Katanga. Pwani, posho ilianza kama chakula cha mpagazi au mfanyakazi, ikaishia kuwa fedha anayopewa mtumishi akiwa safarini au mkutanini. Katanga haikuifuata pwani katika mabadiliko hayo. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliwalisha wafanyakazi wake kwa mgao wa unga wa mahindi, maharagwe, karanga, mafuta ya mawese, chumvi, na nyama au samaki, na mji huu, ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, uliishi kwa mgao huo pamoja na mshahara. Mgao haukuwa sadaka. Miaka ya kwanza ya migodi iliua vibarua wengi kwa maradhi, yakiwemo yale ya lishe duni, na kampuni ilipoanza mwishoni mwa miaka ya 1920 kutaka wafanyakazi wakae kazini kwa miaka mingi pamoja na wake na watoto wao, madaktari wake waliuhesabu mlo kama wahandisi walivyouhesabu mkaa wa mitambo. Chakula chenyewe hakikuondoa manung'uniko: bei zilipopanda wakati wa Vita Kuu ya Pili, wafanyakazi wa Jadotville na Élisabethville (Lubumbashi ya leo) waligoma mnamo Desemba 1941, na wengi wakauawa kwa risasi. Kampuni ilipotaifishwa mwaka 1967 na baadaye kuitwa Gécamines, mposho uliendelea, hadi uzalishaji wa shaba ulipoporomoka katika miaka ya 1990 na mgao ukaanza kuchelewa, kupungua, kisha kukoma.

Mposho si kuponi, kwa kuwa mpokeaji hakuwa na la kuchagua: alichopimiwa ndicho alichopika. Hata hivyo unafundisha swali ambalo kamusi hazilitaji na ambalo ndilo kiini cha istilahi nzima, yaani nani anayelipia tofauti ya bei na anatafuta nini. Kampuni ilitafuta misuli. Kuponi ya kawaida ya dukani hulipiwa na mwenye chapa, na mwenye chapa hutafuta mnunuzi atakayerudi bila kuponi. Kwa hiyo hutolewa kwa bidhaa zenye jina, zenye kifungashio, na zenye faida kubwa ya kutosha kuvumilia punguzo: vinywaji vyenye sukari, biskuti, vipande vya supu, maziwa ya unga yaliyotiwa ladha. Mboga za majani kama sombe (yaani kisamvu), matembele na lengalenga hazina chapa. Mama anayeuza mafungu ya majani ya muhogo kando ya barabara katika Kikula au Panda, mitaa ya Likasi, hana idara ya matangazo, wala hakuna kiwanda kitakachomrudishia faranga alizopunguza. Uhaba wa kuponi kwa vyakula bora hautokani na uzembe wa wanunuzi wasiojua kutafuta. Umo katika muundo wa kuponi yenyewe.

Badala yake soko lina matabishi, kile kiasi anachokiongeza muuzaji juu ya kipimo baada ya bei kukubaliwa. Matabishi ni punguzo lisilo na karatasi wala tarehe ya mwisho, na hutolewa palepale kwenye mboga na dagaa ambako kuponi haifiki.

Kuponi ya duka kubwa ikipatikana, iwe kwa maharagwe, maziwa yasiyo na sukari au mafuta, thamani yake haipimwi kwa asilimia iliyochapishwa bali kwa bei ya kilo moja baada ya punguzo, ikilinganishwa na bei ya kilo hiyohiyo sokoni. Ikichukuliwa kwa mfano tu pakiti ya gramu 500 ya maharagwe inayouzwa faranga 4,000, kuponi ya asilimia 25 huishusha hadi 3,000, yaani faranga 6,000 kwa kilo. Kama meka, kile chombo cha kupimia nafaka katika masoko ya Katanga, hubeba kilo 2 na huuzwa faranga 9,000, kilo ya sokoni ni faranga 4,500, na kuponi imemgharimu mwenye nayo faranga 1,500 kwa kila kilo, bila kuhesabu nauli ya taksi. Hesabu hii inataka meka ipimwe kwenye mizani angalau mara moja, kwa sababu chombo kilichobonyezwa kitako hubeba pungufu; tena inataka kurudiwa mara kwa mara, kwani bei ya unga wa mahindi, kwa mfano, hupanda na kushuka kwa kufuata malori yanayopita Kasumbalesa kutoka Zambia.

Ni pale mlipaji anapokuwa serikali au shirika la misaada ndipo hati hizi zimeelekea kwenye chakula bora, na hata hapo si mara zote kwa nia hiyo. Mnamo Mei 1939, mjini Rochester nchini Marekani, mtu aliyepokea msaada wa serikali alinunua stempu za rangi ya chungwa za dola 1 akaongezewa bure stempu za buluu za senti 50, ambazo zilinunua tu mazao yaliyowazidi wakulima, kama mayai, siagi, maharagwe na machungwa. Lengo la kwanza lilikuwa kuwaondolea wakulima ziada. Afya ilifuata nyuma. Karibu zaidi, katika Afrika ya Mashariki, shirika la Action Contre la Faim liligawa katika kambi za wakimbizi za Dadaab nchini Kenya, mwishoni mwa miaka ya 2000, vocha za matunda, mboga na mayai kwa familia zenye watoto wenye utapiamlo, kwa kuwa mgao wa nafaka, maharagwe na mafuta haukuwa na chochote kibichi. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianzisha katika kambi ya Kakuma, nchini humohumo, mpango wa Bamba Chakula, ulioingiza thamani ya sehemu ya mgao katika simu ya mkimbizi, naye akanunua alichotaka kwa wafanyabiashara walioidhinishwa, isipokuwa pombe na tumbaku. Wakongomani waliohamishiwa Marekani hukutana na WIC, mpango wa serikali wa chakula kwa wajawazito na watoto wadogo, ambao tangu mwaka 2009 hutenga fungu maalumu kwa ajili ya matunda na mboga. Zote hizi, kwa kipimo kilichotolewa juu, ni vocha.

Kwa matumizi ya Likasi, basi, ni bora istilahi tatu zibaki zimetengana: mposho kwa chakula kinachopimwa na mwajiri, vocha kwa hati iliyokwisha kulipiwa, na kuponi kwa punguzo linalongoja fedha ya mnunuzi. Na kati ya hizo tatu, kuponi ndiyo yenye faida ndogo zaidi kwa chungu cha Likasi: kando ya bukari, yaani ugali, huwekwa sombe, kapenta (samaki wadogo wakavu) au maharagwe ya kupimwa kwa meka, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachouzwa kwa kuponi.