Sayansi ya mazingira, ufundishaji katika SUA
Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, sayansi ya mazingira hufundishwa sambamba na kilimo, misitu na wanyamapori. Chuo kilianzishwa mwaka 1984 kutokana na kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikapewa jina la Waziri Mkuu Edward Sokoine, aliyefariki mwaka huohuo. Utajiri wa chuo hasa uko nje ya madarasa. Msitu wa mafunzo wa Olmotonyi, miteremkoni mwa Mlima Meru, una miti ya kupandwa. Mazumbai, Usambara Magharibi, ni msitu wa asili uliowahi kuwa mali ya mtu binafsi. Katika misitu hiyo mwanafunzi hupima vipenyo vya miti, huchunguza udongo na kutambua mimea, kazi isiyofundishika ubaoni.