UZI: Mashamba ya chai, nani mwenyewe, nani mpangaji?

1/ Kila kampeni Kericho na Bomet utasikia: "Lisi za wazungu zimeisha!" Mimi nasoma sayansi ya siasa, wacha tupange hii stori vizuri.

2/ Sheria ya ardhi ya 1902 ilimpa mlowezi lisi ya miaka 99. Ya 1915 ikaifikisha 999. Mwaka 1921 mahakama ikasema Mwafrika ni mpangaji tu wa Mfalme wa Uingereza, anaondolewa wakati wowote. Kwao!

3/ Katiba ya 2010, kifungu 65: asiye raia mwisho wake ni lisi ya miaka 99. Kampuni ikiwa na mwenye hisa mgeni hata mmoja, nayo si raia. Tarehe 27 Agosti 2010, lisi zao za 999 zikageuka za 99.

4/ Hesabu kutoka hapo: 2109. Hizo hazijaisha, jameni.

5/ Nyanya aliyefurushwa akiwa mtoto hatafika 2109. Njia yake ni madai ya dhuluma za kihistoria mbele ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Mgombea akija, muulize: hayo madai utayasukuma vipi?