Viatu vya Kijapani, Kofia ya Kirusi

Mwigizaji wa India Raj Kapoor anatembea barabarani kuelekea Bombay, kibunda begani, suruali fupi, uso wote kicheko. Ndivyo unavyoanza kuonekana wimbo "Mera Joota Hai Japani" katika filamu yake Shree 420 ya mwaka 1955. Kinywa ni chake, sauti ni ya mwimbaji Mukesh. Shankar na Jaikishan walitunga muziki, Shailendra maneno. Namba 420 ni ya kifungu cha sheria kilichowahusu matapeli wa India. Huyu msafiri mchangamfu, basi, yuko njiani kuharibika.

Anajisifia mavazi: viatu vya Japani, suruali ya Uingereza, kofia nyekundu ya Urusi, ila moyo ni wa Kihindi. India ilikuwa huru tangu 1947 tu, na mzaha huo ulibeba fahari ya taifa zima bila hotuba.

Pwani yetu iliupokea muziki wa aina hiyo kwa mikono miwili. Filamu za Kihindi zilijaza watu majumba ya sinema ya Majestic, Unguja, na Avalon, Dar es Salaam, na wapigaji wa taarabu wakazitwaa tuni za filamu hizo, wakazivika maneno ya Kiswahili. Wapo wanaouita mtindo huo wizi. Mimi nauita usikivu.

Huku kwetu Nyakisasa, mbali na pwani, hatukuwa na jumba la sinema. Marehemu baba, fundi cherehani, aliupata wimbo huo redioni, akautilia beti zake za lugha yetu ya Kishubi, zote za kuwasuta wateja wenye madeni ya suruali.